Nilibonyeza "Weka Upya"

Jumatatu, 3 Machi

Likizo, siku ya kwanza. Wiki nzima bila masjala! Miaka kumi na tisa natunza majalada ya watu na sijapoteza hata moja. Lile la bwana aliyestaafu mara mbili walilitafuta mwezi mzima. Nililipata mimi, nyuma ya kabati. Ofisini wote wanajua ninavyosema: faili halipotei, limewekwa pasipo pake.

Mpango wa likizo: barua ya kuomba ukuu wa masjala. Ichapwe kwa kompyuta, ing'ae. Kompyuta ni ya mke wangu. Nimekatazwa kuigusa tangu siku niliyoimwagia chai. Lakini mke wangu yuko dukani kwake anashona. Atajuaje?

Saa nne asubuhi. Nimechapa mistari mitatu tu, kompyuta inajikokota. Kiduara kinazunguka, kinazunguka. Mara yakatokea maandishi, kwa Kiswahili safi kwa kuwa shemeji yangu ndiye aliyeiwekea lugha hiyo. Kompyuta ina matatizo, yakasema. Chini yake kitufe: Weka upya.

Nikafikiri. Mimi si mtu wa pupa. Mke wangu kila siku ananigombeza kwamba siweki vitu. Nikiandika, siweki. Nikivua viatu, siweki. Sasa mashine yenyewe inaniomba niweke. Tena upya! Yaani mara ya pili, kwa usalama zaidi. Nikabonyeza.

Ikauliza kama iondoe kila kitu. Nikajua inazungumzia yale matatizo. Ondoa! Ondoa yote! Nikaenda kuchemsha chai huku nikijipongeza.

Saa saba. Kompyuta imeamka. Imeniambia Hujambo. Hujambo! Kama vile hatujawahi kuonana. Imeniuliza jina langu na natoka nchi gani. Picha ya mama mkwe iliyokuwa mbele, haipo. Michoro ya magauni, haipo. Na ile folda ya katikati, iliyoandikwa Mama, haipo.

Haipo! Nimetafuta kila pembe. Haipo!

Niandike nikiwa bado na nguvu. Mama mkwe alipasuliwa koo mwezi wa kumi na moja. Amepona, Mungu ashukuriwe, lakini sauti haikurudi. Ananong'ona, na mengine anaandika kwenye kidaftari. Kabla ya upasuaji mke wangu alimkalisha mezani jikoni, mara kumi na mbili, akamrekodi akisimulia, akicheka, akiimba zile nyimbo alizombembelezea utotoni. Mama wa Kwanza, Mama wa Pili, mpaka Mama wa Kumi na Mbili. Ndiyo sauti yote ya mama yake iliyobaki duniani. Jumapili hii mama anatimiza miaka sabini, na mke wangu anataka sauti ile isikike sebuleni mbele ya ukoo mzima.

Naandika haya nimekaa sakafuni.

Mke amerudi jioni. Nimemwambia kompyuta imepata joto, tuipumzishe kidogo. Akauliza joto limetoka wapi na hakuna aliyeiwasha. Nikasema jua.

Jumanne, 4 Machi

Sijakata tamaa. Faili halipotei. Mke alipotoka tu, nikachukua bisibisi nikaifungua kompyuta kwa nyuma, nikamulika na tochi. Vumbi. Uzi mwekundu wa cherehani. Pini mbili. Hakuna Mama.

Nimeifunga. Imebaki skrubu moja sijui ya wapi. Nimeitia kwenye mtungi wa maua.

Nikampigia simu shemeji, mdogo wake mke wangu. Tunamwita Injinia. Alisomea kompyuta miezi sita, na kwa miaka minane sasa anatusimanga nayo. Nikamwambia nina rafiki wa ofisini, maskini, kabonyeza Weka upya. Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza huyo rafiki anafunga mwenyewe vifungo vya shati au anafungiwa. Weka upya, akasema, ni kuirudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani, tupu, haina kumbukumbu ya mtu. Neno la kuweka vitu ni Hifadhi. Hi-fa-dhi, shem! Mwambie rafiki yako aandike ukutani.

Sikuandika ukutani. Nimeandika hapa: HIFADHI. Neno zuri. Sitalisahau.

Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, kama kuna dawa. Akasema aombe msamaha. Ushauri wa kijinga kabisa! Mtu wa miezi sita utamjua tu.

Mchana nikapata wazo langu mwenyewe. Mke akifungua kompyuta kesho, ataangalia nini? Ataangalia kama folda ipo. Basi folda iwepo! Nikarekodi dakika arobaini za ukimya pale chumbani, nikazihifadhi (naam, nikazihifadhi!) mara kumi na mbili kwa majina yaleyale. Nikaongeza na picha mia tatu za magauni kutoka mtandaoni, ili mashine ionekane imejaa. Kazi ya siku nzima. Imependeza. Mtu wa masjala ni mtu wa masjala.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi mke kawasha kompyuta. Mimi nimejitia kusoma gazeti. Roho mkononi! Akauliza picha ya mama yake iliyokuwa mbele iko wapi, nikasema ni lile joto; akaangalia folda. Akasema, haya, zipo, nitazisikiliza nikipata nafasi. Nikatoka kutupa taka; niliporudi alikuwa anaingia kuoga. Bomba likafunguliwa muda mrefu sana. Alipotoka macho mekundu. Nikamuuliza, akasema ni vumbi la kitambaa. Nikamshauri afunike pua anapokata vitambaa. Akaniangalia, akachukua mkoba wake.

Kapita! Kaamini! Alipoondoka tu nikaitia kompyuta kwenye mfuko wa sokoni, nikakimbilia kwa fundi, yule mwenye kibanda nyuma ya duka la dawa. Anavaa koti jeupe na kompyuta zote anaziita wagonjwa. Nikamweleza. Akatikisa kichwa polepole, akanituliza. Akasema kufutwa si kuisha. Vitu vikifutwa hubaki mlemle ndani kwa muda, havina jina tu, na yeye anaweza kuvivuta kimoja kimoja. Nilitaka kumbusu!

Ila kuna sharti moja, akasema. Mgonjwa asiwe ameguswa. Mtu asiwe ameweka chochote kipya ndani, kwa sababu kipya hukalia pale pale pa zamani, na kikishakaa, cha zamani ndiyo basi tena.

Nikauliza, kwa mfano, mtu akiwa ameweka kidogo tu?

Akauliza kidogo kiasi gani.

Nikamwambia saa nane za ukimya na magauni mia tatu.

Fundi kashika kichwa kwa mikono miwili. Akavua koti. Sijawahi kuona fundi akivua koti. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayezungumza na mlevi, kwa nini. Nikasema ili pasiwe na pengo.

Nimezifuta sauti za mama mara mbili. Mara ya kwanza kwa bahati mbaya, mara ya pili kwa juhudi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi kaniita. Nimekwenda mbio, kandambili moja imekatika njiani.

Amekesha na mgonjwa. Amepata barua yangu ya kuomba ukuu wa masjala, mistari mitatu, yenye makosa sita. Kati ya vyote vilivyokuwemo, hicho ndicho kimesalimika! Na amepata kipande cha sauti. Sekunde sita. Akaniwekea.

Ni yeye. Mama mkwe! Sauti ile ile nzito, yenye kicheko chini yake. Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimesahau. Miezi minne tu, na nilikuwa nimeshasahau jinsi alivyokuwa anaongea. Anasema: "Huyo mume wako, mimi nasema..." Basi. Pamekatika.

Nasema nini? Nasema nini, mama? Nimemwomba fundi airudie mara kumi. Mimi nasema ni mzembe? Mimi nasema umwache? Toka niondoke pale kibandani sijala kitu cha maana.

Nimemrudishia mke kompyuta mahali pake. Hajaigusa. Jioni ameshona mpaka giza limeingia. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, anafikiria Jumapili. Nilijisikia mnyama.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya, na huu ni wa kufa kupona. Mama mwenyewe si yupo? Asimulie tena! Nimekwenda kwake na simu yangu mfukoni, imeshaanza kurekodi. Shikamoo mama. Marahaba baba, akanong'ona. Alikuwa anachambua maharage. Nikasogeza kiti, nikaanza kuchambua naye. Nikamwambia nina hamu ya kusikia zile habari za utoto wa mke wangu. Na kale kawimbo, mama, kale ka kubembelezea. Kidogo tu.

Akaniangalia. Akaweka ungo chini. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Hewa tupu ikatoka. Midomo inakwenda, maneno ya wimbo nayaona kabisa, sauti hakuna. Akajaribu tena, mshipa wa shingo umemtoka. Nikamshika mkono nikamwomba aache. Mama, acha, nisamehe, acha! Machozi yananidondoka kwenye maharage. Mimi mtu mzima, mbele ya mkwe wangu! Sijui kama kuna aibu kubwa kuliko hiyo.

Hakukasirika. Akavuta kidaftari chake, akaandika: Umeharibu nini?

Nikamwambia yote. Chai, barua, kitufe, bisibisi, saa nane za ukimya. Nilipofika kwenye uzi mwekundu na pini, nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Bila sauti, ameshika meza, machozi yanamtiririka. Nilipomaliza akainuka, akaenda chumbani, akarudi na simu yake ya siku zote, ile yenye kioo kilichopasuka. Akaandika: Alinirekodi kwa hii. Yake ilikuwa inakwaruza. Akanionyesha kwa kidole. Mama wa Kwanza. Mama wa Pili. Zote! Kumi na mbili! Mke wangu alidhani mama yake alishazifuta zamani. Mama akaandika kwamba kwenye simu hiyo hajawahi kufuta kitu, hajui hata panapofutiwa.

Nikataka kuinyakua. Akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto wa shule. Akaandika: Kwanza umwambie mkeo. Kwa mdomo wako. Nikaapa. Nikamuuliza pia, kwa adabu, ile yenye "Huyo mume wako" inamalizia vipi kuhusu mimi. Akaandika: Hiyo ni ya kumi na mbili. Utasikia.

Utasikia! Mtu akikwambia hivyo akitabasamu, ujue umekwisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mke. Neno langu ni neno.

Nimesubiri wakati mzuri. Wakati mzuri ni ule ambao yupo dukani na cherehani linaunguruma. Nikasimama nyuma yake. Nikaungama yote kwa mdomo wangu kama nilivyoapa, kuanzia kitufe mpaka fundi. Cherehani likawa linakata maneno yangu vizuri sana. Nilipomaliza akauliza bila kugeuka kama nimesema kitu. Nikasema ndiyo, nimesema. Akasema haya. Nikaondoka nikiwa mwepesi, dhamiri safi, nikamtumia mama ujumbe kwamba tayari nimesema.

Mchana shemeji Injinia kaniletea simu ya mama, ametumwa naye. Anaingia tu, ananiuliza rafiki yangu wa ofisini hajambo? Nikamsogezea kiti. Kazi ya kuhamisha ikabidi aifanye yeye, mimi nikisimama nyuma kusimamia. Moja, mbili, tatu, zinaingia kwenye kompyuta. Tukafika kumi na moja. Nikamwambia inatosha.

Akasema, shem, umeiacha ya kumi na mbili. Nikasema hiyo imeharibika. Akasema mbona haijaharibika. Nikasema imeharibika kwa ndani.

Mimi si mpumbavu! Ukoo mzima sebuleni, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, halafu: "Huyo mume wako, mimi nasema..." Wajomba wote wanigeukie? Shangazi waseme amina? Hapana. Nitaisikiliza kwanza peke yangu, nione kama inafaa. Lakini shemeji akaondoka na simu kabla sijapata nafasi.

Jumapili, 9 Machi

Sina maneno. Nitajaribu.

Watu thelathini sebuleni. Mama katikati, kitenge kipya alichoshonewa na bintiye. Mke, aliyekwishaambiwa na mama kwamba zimepatikana, akabonyeza. Sauti ikatoka, ikajaa nyumba. Hakuna aliyekohoa. Mjomba mkubwa alivua kofia. Kawimbo kalipoanza, mama mwenyewe akafuatisha kwa midomo, kimya kimya, na mke wangu akaweka kichwa mapajani kwake mbele ya watu wote. Nililia. Nasema wazi, nililia, na hata Injinia alijitia anatafuta kitu mfukoni.

Baada ya ile ya kumi na moja mama akainua kidole. Bado moja. Nikasimama nikatangaza kuwa ya kumi na mbili imeharibika. Kwa ndani.

Mke akaniita jikoni. Akafunga mlango. Akaniambia anajua tangu Jumatano.

Jumatano!

Alifungua Mama wa Kwanza siku hiyohiyo asubuhi, mimi nilipokwenda kutupa taka. Akatega sikio asikie sauti ya mama yake, akanisikia mimi nikitafuna karanga. Akaisogeza mbele. Karanga. Akaisogeza tena, akanisikia nikijisemea: hatajua, huyu hatajua. Akaingia bafuni, akafungua bomba, akalia mpaka maji yakapoa. Na mimi nikamshauri afunike pua! Nilitamani ardhi inimeze na sufuria zote.

Na jana dukani? Jana alisikia kila neno. Cherehani linamzuia kusikia wateja, akasema, halimzuii kunisikia mimi, ameshanizoea. Alikuwa amekwishapanga maneno ya kunitoa roho. Lakini nimesema, hata kama ni kiwogawoga, nimesema. Kwa hiyo yameisha. Ila anaitaka ya kumi na mbili. Hiyo kuliko zote. Mle ndani, akasema, mama ametamka jambo juu yangu ambalo hajawahi kunitamkia usoni, na hatarudia maana sauti ndiyo hiyo haipo. Kila nikimuudhi, yeye huenda kuisikiliza ile ili akumbuke. Ameisikiliza mara nyingi sana.

Nikauliza ni jambo gani. Akasema nikalisikie mwenyewe, kwa sauti yake mama, linanihusu mimi.

Ni zuri! Miaka kumi na minne ya Shikamoo mama, na kumbe ni zuri! Nimekwenda kwa mama nikapiga magoti. Akanipa simu bila kuandika kitu. Akanipapasa kichwa tu.

Jumatatu, 10 Machi

Kazini. Nimekaa nyuma ya kabati la herufi M, mahali penye utulivu. Nitaandika yote.

Nilitaka kuisikiliza hapa, peke yangu, kwa heshima yake. Nikawasha simu ya mama. Inajikokota, maskini. Kiduara kikaanza kuzunguka. Mara maandishi: nafasi imejaa. Chini yake vitufe viwili.

Sasa hapa nataka ieleweke kwamba nilikuwa macho. Nilisoma mara tatu. Kama kungekuwa na Weka upya, nisingegusa, wallahi nisingegusa! Hakikuwa Weka upya. Kilikuwa Safisha hifadhi. Hifadhi! Neno lilelile nililofundishwa, nimeliandika humu kwa herufi kubwa. Na safisha, nani anachukia usafi? Simu ya mama ina miaka saba haijasafishwa. Nikabonyeza. Ikauliza yote? Nikasema yote, mama anastahili.

Imesafika.

Hamna kitu! Hamna Mama wa Kumi na Mbili! Zile kumi na moja ziko salama nyumbani kwenye kompyuta, na hiyo moja, moja tu, niliiacha mimi, kwa mdomo wangu, nikasema imeharibika kwa ndani. Nimekaa sakafuni tena. Nimeshika simu tupu na sitajua kamwe mama mkwe wangu alisema nini.

Saa sita. Nimetulia. Nimepata mpango.

Mke anaisubiri simu hii jioni. Fundi nitamwona kesho. Najua alisema mtu asiweke chochote kipya ndani, lakini huyo alikuwa anazungumzia kompyuta. Hii ni simu. Na pengo haliwezi kuachwa wazi namna hii, mtu wa masjala hakubali. Nimefunga mlango. Nimenywa maji ya moto, nimeshusha sauti mpaka tumboni, nikaweka na kicheko kidogo chini yake kama anavyofanya yeye. Nikarekodi: "Huyo mume wako, mimi nasema, ni mtu makini sana."

Imetoka vizuri ajabu. Nimeihifadhi mara tatu.